SOMO LA MWEZI HUU: KUMZOEZA MBWA KUSAFIRI KWA MOTOKAA BILA HOFU

Mbwa ni askari wa shamba. Usiku hulinda ng'ombe, kuku na ghala. Mchana hufukuza nyani na tumbili katika mahindi. Tangu mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa mwaka 1962 chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja, huko Kinangop, Ol Kalou, Lugari, Sotik na kwingineko, mbwa amekaa na mkulima wa skimu na kumlindia mali yake.

Lakini mbwa huyo huyo asiyeogopa fisi, akionyeshwa pikapu hutia mkia katikati ya miguu. Hutetemeka, hulia, hutapika, na pengine humwuma mwenyewe anayejaribu kumpandisha. Basi mwenyewe hukata tamaa na kusema, "Na abaki nyumbani." Hapo ndipo hasara huanza. Mbwa hubaki bila chanjo, au hubaki na kidonda ambacho daktari wa wanyama mjini angaliweza kukitibu.

Somo hili laeleza sababu ya hofu hiyo, na jinsi ya kuiondoa kidogo kidogo. Kazi yenyewe haitaki fedha nyingi. Yataka dakika 10 kwa siku, subira, na omena kidogo.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na hata leo kinaua watu. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu ulimwenguni waliumwa na mbwa, na katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, kama 40 ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya.

Mwaka 2014 Serikali ilianzisha mpango wa kuondoa vifo hivyo nchini ifikapo mwaka 2030. Msingi wa mpango huo ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka hata mwaka, kwa miaka mitatu mfululizo. Mbwa wakichanjwa kwa hesabu hiyo, ugonjwa hukosa pa kupita. Kwa hiyo mbwa mmoja anayefichwa nyuma ya nyumba kwa kuwa ni msumbufu kupelekwa, huyo ni mlango ulioachwa wazi, na jirani zako pia wamo katika hatari.

Kama kituo cha chanjo ki karibu, mpeleke mbwa wako kwa miguu akiwa na kamba. Hiyo ndiyo njia bora. Lakini wengi wetu tuko mbali, na wakati wa ugonjwa au kuvunjika mguu hapana budi kutumia motokaa. Basi yafaa kumtayarisha mbwa kabla ya siku ya haja.

SABABU MBILI ZA HOFU

Sababu ya kwanza ni ugonjwa wa mtikisiko. Ndani ya sikio, kwa mbwa kama kwa mtu, mna sehemu ndogo inayomwambia mwenyewe kama amesimama, amelala, au anakwenda. Gari likiyumba katika barabara ya murram, sikio lasema mwili unakwenda, bali macho yaona sakafu na kuta za gari zimetulia. Habari hizo mbili hazipatani, na kichefuchefu huja. Watoto wa mbwa huugua zaidi kuliko wakubwa. Wengi huacha kutapika wakikua, lakini kumbukumbu ya taabu ile huwabakia.

Sababu ya pili ni hiyo kumbukumbu. Mbwa wa shamba hupanda motokaa mara ngapi? Pengine mara mbili tu maisha yake yote: siku alipotolewa kwa mama yake, na siku alipodungwa sindano. Katika akili yake motokaa na maumivu ni kitu kimoja.

Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula tumboni, alionyesha jambo la kutufaa hapa. Mbwa aliyezoea kulishwa kila baada ya kusikia mlio fulani, mwishowe hutokwa na mate kwa kuusikia mlio ule tu, hata kabla chakula hakijaletwa. Yaani mbwa hujifunza kwamba kitu hiki huleta kile. Mbwa wako amejifunza kwamba motokaa huleta taabu. Kazi yetu ni kumfundisha upya kwamba motokaa huleta chakula na amani.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mbwa haanzi kwa kutapika wala kuuma. Hutanguliza ishara ndogo, na mkulima anayezijua atasimamisha somo kwa wakati wake. Tazama haya:

Hulamba midomo na kupiga miayo ingawa hana usingizi.
Hulaza masikio nyuma na kukunja mkia chini ya tumbo.
Hutetemeka, au huhema sana ingawa hakuna joto.
Hutokwa na udenda mwingi.
Hukataa chakula anachokipenda siku zote.

Hiyo ya mwisho ni kipimo kizuri. Mbwa mwenye njaa anayekataa kipande cha nyama karibu na gari, hofu yake ni kubwa mno. Mrudishe nyuma mpaka mahali ambapo anakubali kula, na hapo ndipo mahali pa kuanzia somo.

TENGENEZA SANDUKU LA SAFARI

Mbwa hutulia zaidi akiwa ndani ya kitu kidogo anachokijua kama nyumba yake. Tengeneza sanduku la mbao lenye nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kulala. Acha nafasi kati ya mbao pande zote ili hewa ipite, lakini isiwe kubwa hata kichwa kikapenya. Tia mlango wenye komeo imara. Chini tandika gunia kuukuu alilokwisha kulilalia, kwa maana harufu yake mwenyewe humtuliza.

Weka sanduku nyumbani, mlango ukiwa wazi, na mpe mbwa chakula chake cha jioni humo kila siku. Usimsukume ndani. Siku ya kwanza weka chakula mlangoni. Siku zifuatazo kisogeze ndani kidogo kidogo. Akisha kuingia kwa hiari na kulala humo, funga mlango kwa dakika moja, kisha tano, kisha kumi. Mbwa aliyefika hapo amemaliza nusu ya somo, wala hujatumia petroli hata tone.

HATUA SABA ZA MAFUNZO

Tuseme mbwa wako anaitwa Simba. Fanya somo mara moja kwa siku, dakika 5 hadi 10, kabla hajala, ili awe na hamu ya chakula. Chukua omena, au vipande vidogo vya maini vilivyochemshwa, kila kimoja kama ukubwa wa punje ya mahindi.

1. Motokaa imesimama, injini imezimwa, milango wazi. Mtembeze Simba kwa mbali. Kila akilitazama gari kwa utulivu, mpe kipande. Kila siku sogea hatua chache.

2. Mpe chakula kando ya gurudumu, kisha mlangoni. Asipandishwe bado.

3. Weka sanduku lake ndani ya gari, na umwache aingie mwenyewe. Gari likiwa la juu, tumia ubao mpana usioteleza kama ngazi. Ale humo, kisha ashuke.

4. Funga mlango kwa dakika moja, ukiwa pamoja naye. Mpe chakula, fungua, ashuke. Ongeza dakika kidogo kidogo.

5. Washa injini bila kuondoka. Mlio na mtetemo huo ni jambo geni kwake, kwa hiyo mpe vipande vingi kuliko kawaida. Zima, ashuke.

6. Endesha mpaka langoni tu, pole pole, na kurudi. Siku nyingine nenda mpaka mwisho wa shamba, mshushe, na mwache akimbie na kunusa. Ni muhimu safari za kwanza ziishie mahali anapopapenda, si kwenye sindano.

7. Toka barabarani, dakika 5, kisha 10, kisha nusu saa. Katikati ya safari hizo mpitishe kwa daktari wa wanyama siku isiyo na matibabu, apewe kipande cha nyama tu na kurudi.

Sheria ya hatua hizi ni moja: usiende hatua ya pili kabla mbwa hajatulia katika ya kwanza. Akionyesha ishara za hofu, rudi hatua moja nyuma. Mbwa mmoja humaliza kwa majuma mawili, mwingine kwa miezi miwili. Anayeharakisha hurudia kazi tangu mwanzo.

Wengine husema kwamba kumpapasa mbwa mwenye hofu ni kumfundisha uoga. Sivyo. Sauti ya upole na mkono wa bwana wake humsaidia. Kinachozidisha hofu ni kelele, kiboko, na kumburuta kwa shingo. Mbwa aliyepigwa karibu na gari hajifunzi kupanda. Hujifunza tu kwamba alikuwa na haki ya kuliogopa.

KAMA HUNA MOTOKAA

Wakulima wengi hawana motokaa, lakini hilo halizuii somo. Kwanza, mafunzo ya sanduku hufanywa nyumbani. Pili, mtikisiko waweza kufundishwa kwa mkokoteni wa punda, au hata kwa toroli: weka sanduku juu, lifunge, na msukume mbwa hatua chache huku akila. Tatu, ongea na jirani mwenye pikapu akupe dakika 10 siku ya Jumamosi gari likiwa limesimama. Wakulima watatu au wanne wanaweza kushirikiana, kila mtu na mbwa wake kwa zamu.

Mwenye mtoto wa mbwa ana bahati. Kati ya majuma 3 na 14 ya umri, mbwa hupokea mambo mageni kwa urahisi kuliko wakati wowote mwingine. Safari tatu au nne fupi na za furaha katika siku hizo zitakuepusha na taabu ya miaka mingi.

SIKU YA SAFARI

Usimpe mbwa mlo mkubwa kabla ya safari. Chakula kidogo saa 3 au 4 kabla ya kuondoka chatosha; maji apewe kama kawaida. Mtembeze kwanza ili ajisaidie na kupunguza nguvu.

Funga sanduku kwa kamba imara lisiteleze. Kama gari lina nafasi, liweke ndani, hewa ikipita dirishani. Likiwa nyuma ya pikapu, liweke karibu na kibanda cha dereva ambako mtikisiko ni mdogo, na funika juu kwa turubai lizuie jua na vumbi, lakini acha pande za hewa wazi. Awepo mtu wa kumtazama mbwa, ambaye si dereva. Dereva naye apunguze mwendo penye kona na mashimo, wala asifunge breki kwa ghafula. Safari ndefu, simama kila baada ya saa 2, mpe maji na umtembeze akiwa na kamba.

MAMBO YASIYOFAA KABISA

Usimfunge mbwa kwa shingo katika pikapu iliyo wazi kwa kamba ndefu. Akiruka ukingo, kamba itamnyonga kabla dereva hajasikia lolote.

Usimtie ndani ya gunia lililofungwa. Mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema, na ndani ya gunia hakuna hewa ya kutosha.

Usimwache ndani ya motokaa iliyofungwa juani, hata kama unaingia dukani "mara moja tu". Siku yenye nyuzi 22 za Sentigredi nje, ambayo twaiona ya baridi, ndani ya gari huweza kupita nyuzi 40 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya joto hilo huingia katika nusu saa ya kwanza. Kufungua dirisha kidogo hakusaidii sana.

Usimpe pombe ili alale, wala dawa za watu. Vidonge vya paracetamol vinavyouzwa kila duka vyaweza kumdhuru na hata kumwua.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, yakataza kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu.

IKIWA SIKU IMEFIKA NA MBWA HAJAZOEA

Pengine mbwa ameumia leo, nawe hujaanza somo. Fanya hivi. Mpigie simu Bwana Mifugo au ofisi ya mifugo ya kaunti, uulize kama daktari aweza kuja shambani. Wakulima kadhaa wakichanga gharama ya safari, mzigo wa kila mmoja hupungua. Kama hawezi kuja, mwulize juu ya dawa. Ziko dawa za kuzuia kutapika na nyingine za kutuliza wasiwasi, lakini kipimo hutokana na uzito na afya ya mbwa, kwa hiyo zitolewe kwa maagizo yake tu. Jihadhari, kwa kuwa ziko dawa zinazolegeza mwili wa mbwa bila kuondoa hofu moyoni. Mbwa huonekana ametulia, na bado anaogopa vile vile.

Kumfunga mbwa mdomo kwa utepe ni kwa dakika chache za matibabu tu. Usifanye hivyo safarini. Hawezi kuhema vizuri, na akitapika mdomo umefungwa huweza kupaliwa na kufa.

JE, NI HOFU AU NI KICHAA?

Hapa msomaji asome kwa makini. Mbwa anayeogopa gari hutokwa na udenda akiwa garini au karibu nalo, na akishashuka hupona baada ya muda mfupi. Hula, hunywa, na kuwatambua watu wake. Lakini mbwa anayetokwa na udenda siku nzima bila safari yoyote, asiyeweza kumeza, aliyebadilika sauti au tabia kwa ghafula, anayeuma vitu ovyo, au anayeyumba kwa miguu ya nyuma, huyo ashukiwe kuwa na kichaa. Usitie mkono kinywani mwake ukidhani amekwamwa na mfupa. Usimpakie garini. Waondoe watoto, mfungie mahali kama waweza bila kumgusa, na umwite Bwana Mifugo upesi.

Mtu yeyote akiumwa na mbwa, au akiparuzwa, hata kama kidonda ni kidogo na mbwa ni wake mwenyewe, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Kisha aende hospitali siku ile ile aulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, na amalize sindano zote atakazoandikiwa. Asingoje dalili. Huweza kupita majuma au miezi kabla hazijaonekana, na zikisha kuonekana, nafasi imekwisha kupotea.

ANZA SASA

Kila mwaka, tarehe 28 Septemba, ulimwengu huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, na sehemu nyingi za nchi hufanya kampeni za chanjo karibu na siku hiyo. Mbwa wako apate chanjo ya kwanza akiwa na umri wa miezi 3, na baadaye kila mwaka. Weka cheti chake mahali pamoja na kadi za kliniki za watoto, kisipotee.

Usingoje tangazo la chanjo ndipo uanze kutafuta kamba na watu wa kumkamata mbwa. Sanduku likitengenezwa juma hili, na dakika 10 zikitolewa kila jioni, mbwa wako atapanda mwenyewe siku hiyo, na watoto wako watapata ulinzi usiopatikana kwa mbwa aliyejificha vichakani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sababu mbili zinazomfanya mbwa aogope motokaa.
2. Mbwa akikataa chakula karibu na gari, utafanya nini?
3. Kwa nini safari za kwanza zisiishie kwa daktari?
4. Kuna hatari gani kumfunga mbwa kwa shingo katika pikapu iliyo wazi?
5. Utatofautishaje udenda wa hofu na udenda wa mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa?
6. Mtoto akiumwa na mbwa, ataoshwa kidonda kwa nini, na kwa dakika ngapi?

Wasomee watu wa nyumbani maswali haya jioni, hasa watoto, maana wao ndio wanaocheza na mbwa mchana kutwa. Jibu la swali la 6 walijue kwa moyo.